Ongeza N

Stima ilipotea Majengo nzima,
na mama, siku ya thelathini na tatu ya eda yake,
akachukua kipande cha kaa katika jiko lililopoa
akaandika sakafuni: MJI.
“Haya. Herufi moja tu. Kufuta hakuna, kupangua hakuna.”
Nilikuwa na miaka tisa. Nje, mitungi ya majirani
iligongana kwenye foleni ya mfereji mkavu.
Nikachomeka A.
“Umeona?” akasema. “Mji huu umepungukiwa na hiyo tu.”

Tukaendelea mpaka saruji ikawa nyeusi.
Mto akautia O, ukawaka moto.
Kazi nikaitia I, tukapata kiazi,
na kweli ndicho tulichokula usiku ule,
kimoja, watu watatu, na chumvi.
JAA, akaandika. Dada yangu Zamzam,
aliyejifanya amelala, akadakia toka mkekani:
“N mbele. Njaa.”
“Aliyelitunga hili,” akasema mama,
“sijui alikuwa ameshiba au vipi.”

Baba alikuwa fundi saa kule Gikomba.
Koleo zake ndogo, kioo chake cha jicho moja,
saa kumi na moja za watu ambao hawakurudi kuzidai,
vyote vilikuwa bado kwenye kopo la Kimbo.
Mama akaandika SAA, akangoja.
Zamzam akatia S: sasa.
Mimi nikatia W: sawa.
Mama akalitazama kopo. Hakusema nani kashinda.

Kisha mimi, kwa ujinga wangu, nikaandika BAA
nikabandika B katikati.
Kimya.
Mtaa mzima ulijua baba akifunga kibanda
alipitia wapi kabla ya kufika kwetu,
na ni usiku gani hakufika.
Herufi moja. Tungeitoa wapi.

Wanawake walikuja na pole zao
(“Ole,” alininong’oneza walipotoka, “tia P”),
wakaacha sukari na maneno.
Mwezi wa tatu wakaanza kumtaja
muuza makaa wa nyuma ya msikiti,
Bwana Shaali, mgane, mtu wa watu.
Usiku huo mama aliandika OA.
D ikaleta doa. N mbele ya doa: ndoa.
Akayasoma toka juu, akayasoma toka chini,
kisha akalisugua lile la katikati kwa kisigino.
Halikutoka. Masizi hayatoki kwenye saruji
kwa kisigino.

Siku ya mia moja na thelathini alioga, akavaa kanga ya rangi,
akaandika EDA juu ya mlango
akakaa pembeni kama mwalimu.
Tulihangaika. Zamzam alijaribu M, alijaribu T,
maneno ya lugha isiyokuwapo.
N akaitia mwenyewe. Akaenda.
Hadi sokoni tu, akarudi na kifurushi
(“Oga, boga, mboga,” akasema akivua viatu),
lakini alikuwa ameenda.
Ile P ya kuleta penda hakuigusa.
Bwana Shaali ndiye aliyekuja kuiandika,
polepole, miaka miwili, na gunia la makaa kila Ijumaa.

Leo nimepiga magoti Kariokor, makaburini,
na kijiti, kwenye udongo uliogeuzwa jana.
UA.
Kua.
Kufa.
Najua kuna A nyingine mwishoni,
kufaa, ngazi hii aliipenda kuliko zote,
lakini leo siitaki.
Naandika MAMA badala yake
najaribu herufi moja moja, kama zamani.
I inatoa mamia, na hilo ni uongo, alikuwa mmoja.
B, ile ile iliyomrudisha baba nyumbani
dakika moja, sakafuni,
inatoa mamba.

Angecheka hadi ashike mbavu.
Angesema, hiyo nimeikubali, haya, nipe nyingine.